Jihadi yaanzia kwa wazazi

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaoufuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, imepokewa katika vitabu viwili ambavyo wanazuoni wameviweka mbele ya vitabu vingine vya Hadithi, yaani Sahihi ya Imamu Bukhari na Sahihi ya Imamu Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ruhusa ya kwenda katika jihadi. Mtume akamwuliza iwapo wazazi wake wangali hai. Mtu yule akajibu kuwa wangali hai. Basi Mtume akamwelekeza jihadi yake aifanye kwao hao wazazi wawili.

Tuizingatie Hadithi hii. Mtu huyo hakuwa akitafuta udhuru wa kubaki nyuma. Alikuja mwenyewe kwa hiari yake kutaka kutoka, naye akarudishwa nyumbani. Wala hakuambiwa kwamba kuwatumikia wazazi ni jambo jema lililo chini ya jihadi. Aliambiwa kuwa huko nyumbani ndiko iliko jihadi yake.

Leo tutaieleza maana ya jihadi tukiifanya Hadithi hiyo kuwa kiongozi wetu. Haja ni kubwa, kwa kuwa neno hili tukufu limetekwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wasioujua Uislamu, ambao kila wasikiapo jihadi huona panga na mabomu. Kundi la pili ni la watu wanaojinasibisha na Uislamu, ambao huwachukua watoto wetu majumbani kwa siri, wakawapeleka kuua na kuuawa, kisha wakakiita kitendo hicho jihadi. Makundi hayo mawili yanachukiana, lakini katika kulifasiri neno hili yamekubaliana kabisa.

Maana ya neno

Neno jihadi limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye herufi za jim, ha na dal, na maana yake ni mtu kutumia nguvu na uwezo wake wote katika kulifikia jambo. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kulielewa, kwa maana mzizi huo tunao vinywani kila siku. Tunaposema juhudi, tunaposema jitihada, tunapomhimiza mwanafunzi ajitahidi kabla ya mtihani, tunachota katika kisima kile kile. Mwanachuoni anayetumia elimu yake yote ili kuipata hukumu ya sheria huitwa mujtahidi, na kazi yake huitwa ijtihadi. Hakuna upanga katika neno lolote kati ya hayo.

Qurani yenyewe inatubainishia. Katika Sura Luqman, Aya ya 15 (31:15), wametajwa wazazi washirikina wanaomshikilia mtoto wao ili naye ashirikishe, na kushikilia kwao huko kumeelezwa kwa kitenzi cha mzizi huu huu wa jihadi. Wazazi hao hawana jeshi. Wana maneno, machozi na vitisho vya nyumbani. Tena katika Sura Al-Furqan, Aya ya 52 (25:52), Mtume anaamrishwa kupambana na makafiri kwa Qurani, mapambano yaliyoitwa jihadi kubwa. Sura hiyo iliteremka Makka, wakati Waislamu walipokuwa bado hawajaruhusiwa kunyanyua silaha. Jihadi iliyokusudiwa hapo, basi, ni ya hoja na mafundisho.

Vita kwa Kiarabu huitwa harb, na kupigana huitwa qital. Maneno hayo yamo katika Qurani mahali pake. Ama maneno "vita vitakatifu", ambayo baadhi ya vyombo vya habari huyatumia kama tafsiri ya jihadi, hayamo ndani ya Qurani. Kupigana ni tawi moja la mti huu. Shina lake ni juhudi ya mja katika kumtii Mola wake.

Miaka 13 bila ya silaha

Mtume (S.A.W.) alikaa Makka kiasi cha miaka 13 tangu kupewa utume. Katika miaka hiyo Waislamu waliteswa mateso makali. Bilal (R.A.) alilazwa juu ya mchanga wa moto akiwekewa jiwe kifuani. Sumayya (R.A.), mama yake Ammar, aliuawa kwa sababu ya imani yake. Ukoo wa Mtume ukasusiwa katika biashara na katika ndoa. Baadhi ya Waislamu walilazimika kuvuka bahari, mnamo mwaka 615, kwenda Uhabeshi, wakapewa hifadhi na Najashi, mfalme wa Kikristo aliyesifika kwa uadilifu.

Wakati huo walikuwamo miongoni mwa Waislamu mashujaa kama Hamza na Umar bin Khattab (R.A.), watu ambao wangeweza kulipiza. Lakini amri waliyopewa, kama inavyokumbushwa katika Sura An-Nisaa (4:77), ilikuwa kuizuia mikono yao, kusimamisha Sala na kutoa Zaka. Subira hiyo ilikuwa jihadi, na wala haikuwa woga.

Ruhusa ya kupigana ilikuja baada ya Hijra ya mwaka 622. Aya ambazo wafasiri wengi wamesema ni za kwanza kuruhusu vita ni Aya ya 39 na ya 40 za Sura Al-Hajj (22:39-40). Zimetoa ruhusa pamoja na sababu yake, nayo ni kwamba waliopewa ruhusa hiyo walidhulumiwa na kutolewa majumbani mwao bila ya haki. Kisha zikaeleza kuwa lau Mwenyezi Mungu asingeukinga uovu wa baadhi ya watu kwa wengine, zingebomolewa nyumba za watawa, makanisa, nyumba za ibada za Mayahudi na misikiti. Tazama mpangilio huo, ndugu msomaji. Misikiti imetajwa mwisho, baada ya nyumba za ibada za wengine. Anayelipua kanisa kwa jina la jihadi anakibomoa kile ambacho Aya ya ruhusa imekitaja miongoni mwa vitu vinavyokingwa.

Vita vyenye mipaka

Hatusemi kwamba Uislamu hauna vita. Mtume alipigana Badr mwaka 624 na Uhud mwaka 625, na mwaka 627 Waislamu wakachimba handaki kuilinda Madina. Mzazi anayelificha jambo hilo hamsaidii mwanawe, kwani mtoto atakuja kulisoma, na atadhani kuwa alidanganywa na katika mengine. Tunachosema ni kwamba vita hivyo vilikuwa na sheria, na anayezivunja sheria hizo hana haki ya kulitumia jina.

Qurani imeamrisha kupigana na wale wanaowapiga Waislamu, na papo hapo ikakataza kuchupa mipaka (2:190). Imeamrisha pia kwamba adui akielekea kwenye amani, Waislamu nao waielekee (8:61). Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba katika mojawapo ya vita vya Mtume alikutwa mwanamke ameuawa, na Mtume akakataza kuuawa kwa wanawake na watoto. Naye Khalifa Abu Bakr (R.A.), alipokuwa akiliaga jeshi lililoelekea Sham, alimwusia Yazid bin Abi Sufyan, kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik, asiue mwanamke, mtoto wala mzee aliyekongoka, asikate mti wenye matunda, asibomoe makazi ya watu, na asichinje kondoo wala ngamia isipokuwa kwa ajili ya kula.

Ikiwa mti wa matunda na kondoo katika nchi ya adui vina haki, je, mwanafunzi aliyelala bwenini hana haki? Na mama aliyekwenda dukani na mwanawe? Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika shambulio lililoanza siku hiyo kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa mabomu lililipuka katikati ya mji wa Mogadishu na kuua zaidi ya watu 500, nao ni mji wa Waislamu. Wasia wa Abu Bakr unatosha kuwa hakimu juu ya matendo hayo.

Yaangalieni pia masuala ya umri. Ibn Umar huyo huyo amesimulia kuwa siku ya Uhud alikuwa na miaka 14, akaonyeshwa mbele ya Mtume, naye hakumkubalia kupigana. Alikubaliwa siku ya Handaki, akiwa na miaka 15. Maadui walikuwa wameisogelea Madina, na hata hivyo kijana wa miaka 14 alirudishwa.

Idhini ya mama na baba

Kutokana na Hadithi tuliyoanza nayo, wanazuoni walio wengi wamesema kuwa pale jihadi ya kupigana inapokuwa fardhi kifaya, yaani faradhi ambayo wakiitekeleza baadhi huwaondokea waliobaki, haijuzu kwa mtoto kutoka bila ya idhini ya wazazi wake Waislamu. Hayo ndiyo yaliyomo katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanayafuata. Sababu iko wazi. Kupigana kuna wengine wanaoweza kumwakilisha, lakini kuwatendea wema wazazi wake ni faradhi iliyo shingoni mwake mwenyewe. Vivyo hivyo mtu mwenye deni lililofika muda wake hatoki bila ya idhini ya anayemdai, na Mtume amefundisha, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Hadithi ile haiko peke yake. Abu Dawud amepokea kwamba mtu mwingine alimjia Mtume kumpa ahadi ya kuhama, akaeleza kuwa amewaacha wazazi wake wakilia. Mtume akamwamuru arejee kwao akawafurahishe kama alivyowaliza. Na Imamu Nasai amepokea habari ya Jahima (R.A.), aliyekuja kutaka shauri juu ya kwenda vitani. Aliulizwa kama anaye mama. Alipojibu kuwa anaye, akaelekezwa ashikamane naye, kwa kuwa Pepo iko miguuni pake.

Wanaowachukua vijana wana majibu mawili juu ya haya, na ni vyema wazazi wayajue. Jibu lao la kwanza ni kwamba leo jihadi imekuwa fardhi aini, faradhi ya kila mtu, na kwa hiyo idhini ya mzazi haihitajiki. Ni kweli wanazuoni wamesema kuwa adui akiuvamia mji wa Waislamu, kuulinda huwa ni wajibu wa kila mwenye uwezo aliyemo. Lakini hukumu hiyo ni ya kuulinda mji dhidi ya jeshi lililouvamia, na haikuondoa hata sharti moja kati ya yale yanayowalinda wanawake, watoto na wasiopigana. Haimpi kijana wa Tanga au wa Mombasa ruhusa ya kutoroka usiku akawaue abiria ndani ya basi.

Jibu lao la pili ni kwamba kiumbe hatiiwi katika kumwasi Muumba. Hilo nalo ni kweli, ila wanalitumia pasipo mahali pake. Mama anayemzuia mwanawe asiondoke hajamwamrisha maasi. Hata wale wazazi washirikina wa Sura Luqman, walioamrisha kosa lililo kubwa kuliko yote, mtoto ameamrishwa asiwatii katika hilo, na pamoja na hayo akae nao kwa wema hapa duniani. Vipi basi mama Mwislamu anayesali aachwe usiku bila ya kuagwa?

Hapa wazazi na vijana wanayo mizani iliyo nyepesi kushika. Mtume alipojiwa na mtu anayetaka jihadi, alimwuliza habari za wazazi wake. Mwitaji wa siri wa zama hizi humwusia kijana asiwaambie wazazi wake neno lolote. Yeyote anayemtaka mtoto auzibe mdomo wake mbele ya mama yake, huyo hakufuata njia ya Mtume, hata akiwa na ndevu ndefu na Aya nyingi ulimini.

Jihadi iliyo karibu nasi

Huenda kijana akauliza: ikiwa silaha si mlango wangu, mlango wangu ni upi? Milango ni mingi. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Fadhala bin Ubaid (R.A.) kwamba mujahidi ni yule anayepambana na nafsi yake. Ni kweli kwamba ile kauli mashuhuri ya kurejea kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha, na haifai kuitegemea. Lakini jihadi ya nafsi haikusimama juu ya kauli hiyo. Ina Hadithi yake, na ina Aya ya 69 ya Sura Al-Ankabut (29:69), inayowaahidi uongofu wale wanaofanya juhudi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba anayehangaika kwa ajili ya mjane na masikini ni mfano wa mujahidi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Bibi Aisha (R.A.) alipouliza kuhusu jihadi kwa wanawake, alielezwa kuwa jihadi iliyo bora kwao ni Hija iliyokubaliwa. Na Sura At-Tawba, Aya ya 122 (9:122), imewaeleza Waumini kwamba haiwapasi kutoka wote. Lazima libaki kundi la kujifunza dini ili lije kuwaonya wenzao.

Wapo pia vijana wenye uchungu wa kweli. Wameona dhuluma, wamekosa kazi, au ndugu yao amekamatwa bila ya kufikishwa mahakamani. Uislamu haukuwaamuru wanyamaze. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kuwa miongoni mwa jihadi zilizo bora kabisa ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Neno hilo husemwa mchana, kwa uso ulio wazi, na anayelisema huwa tayari kubeba gharama yake yeye mwenyewe. Hamtwishi gharama hiyo abiria asiyehusika.

Abiria wa Mandera

Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na mji wa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa vivyo hivyo. Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Mara hii walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wanawake wa Kikristo hijabu za kujifunika wasitambulike, na abiria wakawaambia wale wenye bunduki kwamba ama wawaue wote au wawaache wote.

Miongoni mwa abiria hao alikuwamo mwalimu Salah Farah, Mwislamu. Alipigwa risasi, na mnamo Januari 2016 akafariki akiwa katika matibabu mjini Nairobi. Serikali ya Kenya ilimtunukia nishani baada ya kufa kwake.

Ndani ya tukio hilo wamesimama watu wa pande mbili, na wote wanadai Uislamu. Wa upande mmoja wana bunduki na neno jihadi midomoni. Wa upande wa pili hawana silaha, na wanaweka roho zao mbele ya jirani asiye wa dini yao. Kila mzazi na amwulize mwanawe: ni upi kati ya hao uliotumia uwezo wake wote katika kumtii Mwenyezi Mungu? Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo kwa hoja amekwisha kupata kinga.

Wajibu wa nyumba

Ndugu wazazi, tusisahau kuwa Mtume alimwelekeza mtu yule kwa wazazi wake kwa sababu walikuwepo wa kuelekezwa kwao. Siku hizi yapo majumba ambamo baba hurudi watoto wamekwisha kulala na kuondoka kabla hawajaamka, na mama amechoshwa na kazi za kutwa. Maswali ya dini ya mtoto yanajibiwa na simu ya mkononi, na anayejibu ndani ya simu hiyo hatumjui. Basi wazazi nao wana jihadi yao.

Tulitaje neno hili sisi wenyewe mbele ya watoto wetu kabla hawajalisikia kwa mgeni. Tuisome nao sira ya Mtume mfululizo, Makka na Madina, subira na vita, ili wasije wakapewa kipande kimoja wakadhani ndiyo nzima. Tumjue mwalimu anayewafundisha, na darasa wanaloliendea. Kijana akieleza hasira yake juu ya dhuluma, tumsikilize mpaka mwisho kabla ya kumkemea, kwani wapo wengine waliokaa tayari kumsikiliza. Na tukiona ameanza kujificha, amewakata rafiki zake wa zamani, au amewakufurisha jamaa zake, tuwahi kwa masheikh wenye elimu na kwa wenye mamlaka wanaoaminika, kabla safari haijaanza. Aibu ya kuomba msaada ni nyepesi kuliko msiba wa kupokea habari za mtoto aliyekufa akiwa amewaua wasio na hatia.

Kwa vijana tunasema: mkiwa na ari ya kufanya jihadi, ari hiyo ni njema, na msikubali yeyote aizime. Mwende nayo pale ambapo Mtume alimwelekeza mtu yule. Mama anayehitaji kupelekwa hospitali, baba ambaye macho yake hayaoni tena kuisoma Qurani, mdogo wako asiyelipiwa ada, mjane wa jirani ambaye paa lake linavuja: huko ndiko kwenye kazi inayoomba nguvu zenu zote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe ufahamu sahihi wa dini yetu, awahifadhi watoto wetu na kila mwenye kuwapotosha, awarehemu waliouawa kwa dhuluma, na atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Amin.

Wabillahi Taufiq.